Ujumbe wa ordinatere: kila biro ijue kazi yake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu, mkanda na maski. Leo tutazungumza juu ya kitu kisicho na uzito wala harufu, lakini kikikosewa kinaweza kuumiza watu sawa na jiwe linaloanguka mgodini. Ni ujumbe ambao ordinatere ya kampuni moja inatuma kwa ordinatere ya kampuni nyingine, ao biro moja kwa biro nyingine.

Pengine utasema: «Hiyo ni kazi ya wale wanaokaa mbele ya mashini, mimi niko kwenye pompa.» Soma mpaka mwisho, utaona kama ujumbe huo unafika mpaka kwenye tiyo unayoshika mkononi.

KUBADILISHANA HABARI KWA ORDINATERE NI NINI?

Zamani, kiwanda kikihitaji asidi, mtu wa magazini aliandika karatasi. Biro ya ununuzi iliipiga tena kwa mashini ya kuandika. Posta iliipeleka kwa muuzaji, naye akaiandika tena katika kitabu chake. Jambo moja liliandikwa mara tatu ao nne, na kila mkono ulioandika uliweza kukosea.

Siku hizi ordinatere ya mnunuzi inatuma komandi moja kwa moja kwa ordinatere ya muuzaji, bila mtu kuiandika tena katikati. Kazi hiyo inaitwa EDI. Ili mashini mbili zisikilizane, inafaa ujumbe uwe na mpango mmoja: mahali pa namba ya kitu, mahali pa wingi, mahali pa kipimo, mahali pa tarehe.

Mawazo hayo si ya jana. Mwaka 1948 na 1949, wakati njia za kuingia Berlin ya magharibi zilipofungwa, ndege zilipeleka chakula na makaa kwa wakaaji wa mji. Askari mmoja wa Marekani, Edward Guilbert, alishiriki kutengeneza orodha ya mizigo ya namna moja iliyoweza kutumwa kwa teleksi, kwa redio ao kwa simu. Baadaye watu wa uchukuzi katika Marekani waliendeleza kazi hiyo kwa ordinatere. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ulipata mpango wake unaoitwa EDIFACT, unaotumiwa katika nchi nyingi mpaka leo.

Katika mpango huo kila ujumbe una jina lake. ORDERS ni komandi. DESADV ni habari ya muuzaji kwamba mzigo umeondoka. RECADV ni jibu la magazini kwamba mzigo umepokelewa. INVOIC ni fakture. Ujumbe hizo nne zinapita katika biro nyingi, na hapo ndipo matata yanapoanza: biro nyingi, lakini nani anajibu kwa nini?

JUU YA NINI NI JAMBO LA USALAMA?

Kwanza, mashini haishangai. Mzee wa magazini akisoma karatasi yenye kosa, anakuna kichwa na kuuliza. Ordinatere inapitisha tu.

Tuchukue mfano. Asidi salfuriki ya 98 kwa mia ni nzito kupita maji: lita moja ina uzito wa kilo 1,84 hivi. Tuseme tangi lina nafasi ya lita 12 000. Kilo 20 000 za asidi ni lita 10 900 hivi: zinaingia. Lakini kama mtu aliandika 20 000 na mahali pa kipimo pakawekwa lita pahali pa kilo, hiyo ni asidi ya tani karibu 37. Haiingii hata kidogo. Namba ni ile ile, herufi tatu tu zimebadilika: KGM ni kilo, LTR ni lita. Nani anaangalia herufi hizo tatu? Kama hakuna jina la mtu, hakuna anayeangalia.

Pili, vitu viwili vinaweza kufanana kwenye ordinatere na kuuana katika kiwanda. Katika viwanda vyetu vya shaba mnajua asidi salfuriki. Wengi mnajua vilevile hidrosulfidi ya sodiamu, ile ya magamba ya manjano inayoyeyushwa kwa maji na kutiwa katika kazi ya kuelesha mawe ya shaba. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya vitu vya hatari, zote mbili ni za kundi la 8, vitu vinavyokula nyama ya mwili na chuma. Zote mbili zina picha moja: maji yanayotiririka juu ya mkono na juu ya chuma. Kinachozitofautisha ni namba. Asidi salfuriki ni UN 1830. Hidrosulfidi ya sodiamu yenye maji ndani yake ni UN 2949.

Zikikutana, zinatoa gazi ya hidrojeni sulfidi. Ni ile gazi ya harufu ya mayai mabovu. Angalisho: usitegemee pua yako! Gazi hiyo ikifika sehemu 100 katika milioni za hewa, pua inachoka, mtu hasikii harufu tena na anafikiri hatari imekwisha. Ikipita sehemu 500, mtu anaweza kuanguka kwa dakika chache. Karibu na 1 000, pumzi chache zinatosha kuua. Tena ni nzito kupita hewa, inakaa chini katika mashimo na mifereji.

Basi namba nne zilizoandikwa vibaya katika biro zinaweza kufungua mlango kwa gazi hiyo.

MAMBO YALIYOTOKEA KWINGINE

Tarehe 6 Julai 1988, karibu na Camelford katika Uingereza, dereva wa badala alifika kwenye kiwanda cha maji ya kunywa na tani 20 za salfati ya aluminiamu. Hakukuta mtu wa kumpokea. Alimwaga mzigo katika tangi lisilo lake, na dawa ikaingia moja kwa moja katika maji ya watu karibu 20 000. Wakaaji hawakuelezwa ukweli kwa zaidi ya juma mbili.

Tarehe 21 Oktoba 2016, katika mji wa Atchison, Marekani, kamyo ilileta asidi salfuriki kiwandani. Midomo ya tiyo za kupokelea ilikuwa karibu karibu, bila alama zinazofaa. Asidi ikaunganishwa na tiyo ya tangi la hipokloriti ya sodiamu. Wingu la gazi ya klorini likatokea, na watu zaidi ya 140 walitafuta msaada wa waganga, wafanyakazi na watu wa mji pamoja.

Katika mambo hayo mawili hakukuwa kosa la ordinatere. Habari ya kweli ilikuwako: watu fulani walijua ni dawa gani na ni tangi gani. Lakini habari haikufika kwa mtu aliyeshika tiyo, kwa saa iliyofaa. Ordinatere inaweza kupunguza hatari hiyo kama kazi imegawanywa vizuri. Ikigawanywa vibaya, inaongeza hatari, kwa sababu kila mtu anafikiri mashini imekwisha kufanya.

KILA BIRO NA KAZI YAKE

Sheria ni moja na ni fupi: kila habari iwe na mwenyewe mmoja. Wengi wanaweza kuisoma, mmoja tu anaweza kuibadilisha, na huyo mmoja ana jina na ana mtu wa badala.

1. Kiwanda, yaani wale wanaotumia kitu. Wao wanasema wanahitaji nini, kwa wingi gani, kwa siku gani. Wao vilevile wanajua tangi lina nafasi kiasi gani leo. Habari ya nafasi hiyo si ya mtu mwingine.

2. Biro ya ununuzi. Ni mwenye komandi. Inaangalia muuzaji, bei, wingi na kipimo mbele ya kutuma. Haina ruhusa ya kubadilisha kitu kimoja kwa kingine «kinachofanana» bila kuuliza Usalama.

3. Biro ya Usalama. Ni mwenye habari za hatari: namba ya UN, kundi, maneno ya angalisho, na karatasi ya usalama ya kila dawa. Karatasi hiyo ina sehemu 16. Sehemu ya 4 inasema namna ya kusaidia mtu aliyeumia. Sehemu ya 7 inasema namna ya kushika na kuweka. Sehemu ya 10 inasema kitu gani kisikutane na kingine. Muuzaji akibadilisha nguvu ya dawa ao namna ya kuifunga, Usalama ndiyo inabadilisha habari katika ordinatere, na mtu wa pili anaangalia mbele ya badiliko kukubaliwa.

4. Magazini. Ni mwenye namba ya kila kitu na mwenye kupokea. Kamyo ikifika, magazini inalinganisha vitu vitatu: komandi, habari ya muuzaji, na kitu chenyewe pamoja na alama zake. Vitatu vikipatana, mlango unafunguliwa. Kimoja kikikosa kupatana, kamyo inasimama.

5. Uchukuzi na forodha. Wanajua kamyo iko wapi, dereva ni nani, imepita Kasumbalesa saa ngapi. Kwa mizigo yetu inayotoka, wao ndio wenye habari ya uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena haiwezi kupakiwa katika meli kama uzito wake wa kweli haukupimwa na kutangazwa. Mpima mizani asiandike uzito wa jana juu ya kontena ya leo. Uzito wa uongo unaweza kuangusha rundo la kontena juu ya watu wa bandari wasiotujua.

6. Biro ya ordinatere. Ni mwenye njia, si mwenye mzigo. Inahakikisha kwamba ujumbe umeondoka, umefika, haukusomwa na wageni, haukutumwa mara mbili. Lakini haina haki ya «kutengeneza» namba iliyokosewa. Ikiona kosa, inarudisha kwa mwenyewe.

7. Biro ya hesabu. Inalipa fakture ikiwa inapatana na komandi na mapokezi. Ikiona tofauti ya kilo na lita, isifikiri ni jambo la pesa tu. Inafaa ipige simu magazini siku ile ile: labda tangi limekwisha kupokea kisichofaa.

8. Lopitali. Inafaa ipate mbele ya wakati habari ya dawa za hatari zitakazofika, pamoja na sehemu ya 4 ya karatasi ya usalama. Februari 2019, kamyo ya asidi iligongana na motokari katika Lualaba, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na watu karibu 20 walikufa. Siku kama hiyo muganga hana nafasi ya kuanza kutafuta ilikuwa dawa gani.

«IMEFIKA» SI SAWA NA «IMEKUBALIWA»

Hapa wengi wanakosea, hata wakubwa. Ordinatere inaweza kutoa majibu ya namna mbili. Jibu la kwanza linasema: ujumbe umefika na maandiko yake yanasomeka. Ni kama mtu wa posta anayesema bahasha imeingia sandukuni. Jibu la pili linasema: ujumbe umeangaliwa, mambo yaliyomo yanapatana na yanakubaliwa, ao hayakubaliwi kwa sababu hii. Ni kama mwenye bahasha ameifungua na kujibu.

Ukiona alama ya «imefika», usiseme kwamba kiwanda kimekubali kupokea. Kwa vitu vya hatari, inafaa jibu la pili litoke kwa mtu, na jina lake libaki katika ordinatere. Tena inafaa iandikwe nani anaamshwa kama jibu hilo halikuja. Ujumbe unaoanguka katika orodha ya makosa siku ya Posho jioni, na hakuna mwenye zamu ya kuangalia orodha hiyo, unalala mpaka Siku ya Kwanza. Lakini kamyo hailali, inakuja.

SIKU ORDINATERE INAPOZIMA

Moto wa umeme unakatika, njia ya simu inakatika. Jambo hilo halitakosekana, basi lipangwe mbele.

Inafaa magazini iwe na karatasi za badala zilizopigwa namba, na mtu mmoja mwenye amri ya kusema: «Tangu sasa tunafanya kwa karatasi.» Asiwe kila mtu. Orodha ya dawa za hatari na karatasi zake za usalama ziwekwe vilevile kwa karatasi, pahali ambapo zamu ya usiku inaweza kuzishika bila ufunguo wa shefu aliyelala nyumbani.

Ordinatere ikirudi, hatari ya pili inaanza. Komandi iliyotumwa kwa karatasi ao kwa simu inaweza kuondoka tena kwa mashini. Muuzaji anaona komandi mbili, analeta kamyo mbili. Moja inashusha, ya pili inakosa nafasi. Inasimama juani siku mbili kando ya njia, karibu na nyumba na watoto, ao mtu mwenye haraka anajaribu kujaza tangi lililojaa. Ndiyo sababu kila komandi ina namba yake moja, na namba hiyo iandikwe hata kwenye karatasi ya badala. Ununuzi na biro ya ordinatere wakae pamoja kulinganisha namba zote mbele ya kufungua njia tena.

HABARI ZA WATU NAZO

Si mizigo tu inayosafiri kati ya biro. Majina yenu yanasafiri vilevile. Biro ya wafanyakazi ni mwenye orodha ya mfanyakazi, bibi na watoto. Lopitali inasoma orodha hiyo. Mtoto akizaliwa na baba asipopeleka karatasi ya kuzaliwa, lopitali haitaona jina lake, na mama atasumbuka mlangoni usiku na mtoto mwenye homa. Mwenye habari hapo ni wewe baba: biro haiwezi kujua isilopewa.

Kwa upande mwingine, lopitali ni mwenye siri ya ugonjwa. Baada ya kupimwa, inatuma kwa biro ya kazi maneno haya tu: anafaa, hafai, ao anafaa kwa masharti, kwa mfano asifanye kazi juu sana ao asifanye penye vumbi. Jina la ugonjwa halisafiri. Na shefu akipata neno la masharti, inafaa alifuate siku ile ile. Lisibaki katika mashini wakati mtu anapanda ngazi.

WEWE UFANYE NINI?

Wewe unayepokea kamyo:
– Soma namba ya UN kwenye kamyo ao kwenye gunia. Picha peke yake haitoshi.
– Linganisha na karatasi yako na alama ya tiyo. Dereva na wewe msome kwa sauti, wote wawili.
– Kama havipatani, usifungue. Hata kama ordinatere inasema ndiyo. Hakuna shefu anayeweza kukulazimisha kushusha kitu usichokijua.
– Mwite mwenye habari kwa jina lake. Kama hujui jina lake, muulize kapita wako leo, usingoje siku ya matata.

Asidi ikikuangukia, vua nguo na jioshe kwa maji mengi mara moja, dakika 20 ao zaidi, kisha lopitali. Ukiona mwenzako ameanguka penye gazi, usimkimbilie bila chombo cha kupumulia: piga sirene, ita watu wa uokoaji. Mara nyingi wa pili na wa tatu wamekufa kwa kumfuata wa kwanza.

Wewe unayekaa mbele ya ordinatere:
– Usitumie neno la siri la mwenzako. Likitumiwa na wawili, hakuna anayejibu.
– Usiandike chochote ili mashini ikubali tu kupitisha. Pahali pakikosa habari, acha ujumbe usimame na uulize.
– Ukipelekwa kazi nyingine, kabidhi orodha yako kwa maandiko kwa anayekufuata.

Ninyi wa nyumbani: watoto wasicheze karibu na kamyo za dawa zinazosimama. Msiteke kitu kinachovuja. Msichukue pipa ao gunia la dawa kwa kuwekea maji ao unga, hata likioshwa. Mkiona kamyo imeanguka, kaeni mbali, upande unakotoka upepo, na mkipiga simu someni kwa mbali namba nne zilizo kwenye kibao cha rangi ya chungwa. Namba hizo zinamwambia muganga na mzimamoto mambo mengi kwa sekunde moja.

Wandugu, wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, kazi hii inataka vidole vyote. Lakini vidole vyote vikishika pahali pamoja, chawa anapita kando. Juma hili, katika kila biro na kila zamu, ulizaneni maneno haya matatu: habari hii ni ya nani? Nani ni badala yake? Nani anaamshwa usiku ikikosewa? Kama jibu ni «sisi wote», bado hamjapata jibu. Andikeni jina.